Mama Sababu wa Yadi ya Magari

Kwenye yadi moja ya magari mapya, barabara ya kutoka Nakuru mjini kuelekea Gilgil, alikuwapo mwanamke aliyeajiriwa kusema kwa nini gari lako halijafika. Kwenye barua ya kazi waliandika kwamba ni mpokeaji wageni, na kweli alipokea, lakini kupokea kulimaliza robo tu ya siku. Siku iliyobaki ilikuwa ya simu. Jina lake Kuluthum, mjane wa Bondeni, mwenye miaka hamsini na miwili na binti mmoja chuoni aitwaye Najwa. Vijana wa mauzo walimwita Mama Sababu, mbele yake na nyuma yake.

Sauti yake haikuwa ya kawaida. Mtu angepiga simu kutoka Rongai mdomo umejaa matusi, matusi aliyoyapanga tangu alfajiri kama anayepanga kuni, na kabla hajafika tusi la tatu alikuwa anamuuliza Kuluthum kama mvua imenyesha mjini. Kuna mwalimu mkuu mmoja, hata leo yuko hai, alikuja pale na wakili. Waliondoka wakicheka, na wiki iliyofuata wakarudi na debe la avokado. Wakili ndiye aliyelibeba.

Kazi hiyo Kuluthum hakufundishwa na kampuni. Alifundishwa mlangoni kwao. Mamake alikuwa fundi wa nguo pale Bondeni, kwenye nyumba za kaunsili, fundi hodari na mchelewaji kuwapita mafundi wote wa mji. Harusi zilipokaribia alimtuma Kuluthum, mtoto wa miaka saba, akasimame mlangoni awazuie wenye nguo.

"Usiseme bado," mamake alimwambia, sindano amezibana mdomoni. "Mtu akisikia bado anaingia ndani kujionea. Sema tunaweka vifungo."

"Na kama nguo haina vifungo?"

"Basi sema tunavitafuta."

Hapo ndipo alipojifunza kwamba anayengoja hataki hasa kile kitu. Anataka kujua kuna mtu fulani mahali fulani amekishika, anakishughulikia. Mpe picha ya mkono unaofanya kazi, atarudi nyumbani alale. Lakini alijifunza na jambo la pili, akalifanya kanuni yake hata alipokuwa mtu mzima: ndani ya kila sababu lazima mtu aweke mfupa wa ukweli. Sababu isiyo na mfupa haisimami. Inalegea mdomoni, na anayesikiliza anaisikia ikilegea.

Na miaka hii mifupa haikukosekana. Meli zilizokuwa zikikata njia fupi ziliogopa vita zikaanza kuzunguka chini kabisa ya Afrika. Viwandani gari zima lilikaa limekamilika, lina viti na taa, likingoja kidude cha umeme kidogo kuliko ukucha. Bandarini makontena yalikaa juu ya makontena. Karatasi za ushuru zilihitaji mtambo wa serikali, na mtambo ulikuwa ukilala kama mtu aliyekula ugali wa moto. Halafu nambari za gari hazijachapwa. Halafu mteja mwenyewe alitaka rangi nyekundu, sasa anataka nyeusi, na foleni imeanza upya. Yote haya Kuluthum aliyaeleza kwa utaratibu, mpaka mkulima wa Mau ambaye hajaona maji makubwa kuliko ziwa Nakuru aliiona meli yake, na mvua juu ya meli, na nahodha anapangusa uso.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaja mzee Kipketer.

Alitoka Mau Narok, mkulima wa ngano na viazi, mrefu, kofia ya sufu, koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwa na maneno machache na aliyatoa moja moja. Alitaka pikapu ya milango minne. Hakuulizia redio wala rangi. Aliuliza kiti cha nyuma kinalazwa vipi, na kama mtu mgonjwa anaweza kunyoosha miguu.

Mgonjwa alikuwa mkewe, Jelagat. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, ilibidi afike hospitali mjini akasafishwe damu kwa mashine. Kutoka kwao waliteremka na lori la maziwa gizani, yeye amekaa mbele kwa dereva, magoti yamebanwa na gia, na siku za matope ya Mau lori lilifika likipenda. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi: akikosa mara moja mwili utavumilia, akizoea kukosa hautavumilia. Gari lile halikuwa la fahari. Lilikuwa njia ya kumfikisha Jelagat kwenye mashine.

Kibii, meneja wa yadi, alimpa mzee mkono kwa mikono miwili. "Anayelipa zote anatangulia kwenye orodha," akamwambia. "Wiki nane, mzee wangu. Zikizidi, kumi."

Kipketer akalipa zote. Ngano ya msimu mzima na ng'ombe kumi na mmoja viliingia kwenye risiti moja yenye muhuri wa bluu.

Wiki nane zikapita, kumi zikapita. Sababu za kwanza zilikuwa za kweli tupu, na Kuluthum alizitoa bila hata kuzipamba. Meli ilikuwa imezunguka, kisha ikangoja nje ya bandari kama mgeni aliyekuja kabla watu hawajafagia. Kila baada ya kusafishwa, Kipketer na mkewe walipitia pale yadi kabla ya kutafuta lori la kurudi. Jelagat alikalishwa kwenye kiti cha wateja karibu na kioo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa mnene zamani, sasa nguo zake zilimngoja anenepe tena. Ulimi tu ndio haukupungua.

"Mama Najwa, wewe ni mtu wa mji, hebu niambie. Hiyo meli inavutwa na nini? Punda?"

"Inazunguka, mama. Njia ya karibu ina vita."

"Na huko inazunguka kuna watu?"

"Kuna watu."

"Basi imesimama kunywa chai."

Kuluthum alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya buibui. Jelagat akamvuta mkono, akauweka juu ya mkono wake mwenyewe wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa ili sindano iingie. Palikuwa na uvimbe kama kiazi kidogo, na chini ya ngozi kitu kilitetemeka bila kupumzika.

"Unasikia inanguruma?"

"Nasikia."

"Hiyo ndiyo injini yangu. Hii iliwahi. Ile ingine ndiyo imechelewa."

Wakawa hivyo kwa miezi. Kuluthum akajua jina la kila mtoto wa Jelagat, kuanzia Linah kifungua mimba, akajua ni ng'ombe yupi aliyelia siku alipouzwa. Akaanza kumwekea chai isiyo na maziwa mengi, kikombe nusu, maana Jelagat alikuwa anapimiwa hata maji ya kunywa. Na kila walipotoka nje ya lango, mzee ametangulia hatua moja ili mkewe amshike koti, Kuluthum alipiga simu bandarini yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kazi yake, akauliza gari la Kipketer liko wapi.

Gari likafika. Ilikuwa Jumanne, mvua za mwisho wa mwaka zimeanza. Pikapu ya kijivu ilishushwa kutoka kwenye trela ikiwa na plastiki kwenye viti, na Kuluthum akatia sahihi kwenye karatasi ya kupokea: nambari ya chesisi hii, jina la mteja hili, Kipketer wa Mau Narok. Alikwishafungua namba ya mzee kwenye simu Kibii alipoweka vidole viwili juu ya meza mbele yake.

"Mama, huyo mngojeshe kwanza."

"Ni lake hili. Jina lake hili hapa."

"Najua kusoma." Kibii alivuta kiti akakaa, akaongea taratibu kama mtu anayeeleza jambo la msiba. "Kuna yule kontrakta wa barabara. Anachukua gari sita kwa mwaka. Yake moja imekwama bandarini na amekasirika. Akiniacha, anaenda kwa hawa wa yadi ya ng'ambo. Hii tunampa yeye. Mzee atapata ile inakuja na meli ifuatayo. Wiki nne, tano hivi."

"Mkewe ni mgonjwa, Kibii."

"Hapa kila mtu ana mgonjwa."

"Si kila mgonjwa anangoja gari."

"Mpe sababu," Kibii akasema, akasimama. "Si ndiyo kazi?"

Jumatano gari la kijivu likatoka langoni, dereva wa kontrakta amepandisha kioo. Alhamisi Kipketer na mkewe wakapita, na Kuluthum akasema nambari za gari hazijatoka. Alisikia sababu ile ikilegea mdomoni mwake. Kipketer hakuisikia. Alikuwa amekwisha kumwamini, na mtu akishakuamini huwezi kumdanganya vibaya kiasi cha yeye kugundua.

Siku hiyo Kuluthum alirudi Bondeni akamwambia Najwa kwenye simu kwamba anaumwa na kichwa. Karo ya muhula ilikuwa bado. Hilo pia lilikuwa kweli, na hakuna aliyemuuliza.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu, mzee alipiga simu saa sita mchana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama nje kwenye upepo.

"Mama Najwa, leo hatukufika. Lori imelala kwa matope tangu asubuhi. Miguu yake imefura, kiatu imekataa."

"Pole sana, mzee. Pole."

"Mimi sikulaumu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Iko wapi?"

Miezi yote alikuwa akiuliza lini. Kwa lini Kuluthum alikuwa na majibu kabati zima. Kwa wapi alikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa kwamba gari linazoa kokoto mahali fulani likiwa na mtu mwingine kwenye usukani.

"Imetoka Mombasa, mzee. Iko njiani."

Mzee alipozungumza tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nyepesi, karibu ya kijana.

"Itapita Mbaruk lini?"

Swali lilikuwa geni, Mbaruk ni senta ndogo tu ya njiani kabla ya Nakuru, lakini Kuluthum hakulipima. Alitaka simu ikatike.

"Alhamisi."

"Asubuhi ama jioni?"

"Mchana mchana."

"Asante, mama. Mungu akubariki wewe na nyumba yako."

Baraka ile ilimkaa kifuani kama tonge kavu. Alijiambia Alhamisi iko mbali, siku tatu nzima, na kabla haijafika atambana Kibii mpaka litafutwe gari lingine. Jumanne Kibii alikuwa na wageni. Jumatano Kibii alikuwa Nairobi. Alhamisi saa saba mchana Kibii alikuwa ofisini kwake mlango wazi, anakula, na Kuluthum alikuwa akijipa ujasiri wa kuinuka, ndipo Micah alipoingia.

Micah ndiye dereva wa yadi. Alikuwa anatoka Nairobi kupeleka karatasi, na pikapu nyeupe ya yadi, ile ambayo wateja hupewa kujaribia, ilikuwa bado inatoa mvuke pale nje.

"Mama Sababu, sasa. Nimekutana na wateja wako."

"Wateja gani?"

"Yule mzee wa Mau na mathe. Wako Mbaruk, kando ya barabara, na kibuyu ya maziwa." Alikuwa anacheka, lakini kicheko kilikuwa kinamwishia. "Nilisimama. Mzee akaniuliza kama hii nimeendesha ndiyo yake. Nikamwambia mzee, gari huchukuliwa kwa yadi, si kwa barabara. Akasema kwao mnyama amenunuliwa mbali hangojewi nyumbani. Unatoka unamkuta njiani na maziwa, ndio asifikirie amekuja kwa watu hawamtaki."

"Gari limekuwa mnyama?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia inakunywa, inabeba, ikigonjeka hailali nyumbani kwake, inalala kwa daktari. Ni nini ingine hiyo?"

Kuluthum hakucheka. "Wamekaa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili. Waliteremka na lori ya maziwa, wakavuka mji. Mzee anaangalia kila trela. Mathe amekaa kwa kastuli, amevaa nguo ya Christmas. Anasema leo hospitali anapelekwa na gari yake."

Leo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu alikosa. Zamu ya mwisho ya mashine iliingia saa tisa.

Kibii alikuwa amesikia kila neno. Alipangusa vidole. "Wapigie. Sema imeharibikia Mtito Andei, huko barabara ya Mombasa, warudi nyumbani."

Kuluthum alichukua simu, akapiga. Ikaita mara moja tu.

"Mama Najwa," Kipketer akasema, na nyuma yake lori lilipita likamfunika. "Trela mbili zimepita. Hazikuwa zetu. Bado tunaangalia."

Neno Mtito lilikuwa tayari kwenye ulimi. Angelisema vizuri. Angeweka moshi, na fundi amelala chini ya gari, miguu nje.

"Msitoke hapo, mzee," alisema. "Nakuja."

Aliweka simu mezani akachukua mkoba. Kisha akafungua faili, akatoa ile karatasi ya kupokea yenye sahihi yake, akaikunja mara mbili.

"Unaenda wapi?" Kibii akauliza.

"Mbaruk."

"Na nini?"

Kuluthum alimtazama Micah. Micah alitazama ufunguo mkononi mwake, kama mtu anayetafuta maandishi juu yake.

"Boss, tangi bado iko nusu," akasema kwa sauti ya chini.

"Hiyo gari ikitoka hapa, aliyetoka nayo asirudi," Kibii akasema. Hakusema anamwambia yupi.

Micah akawasha gari, wakashika barabara ya Gilgil. Mvua ilikuwa imesimama na mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Sababu zilimjia Kuluthum moja baada ya nyingine, kila moja imevaa vizuri, kila moja inataka ipelekwe yenyewe. Kiwanda. Ushuru. Kosa la jina kwenye karatasi. Meneja mgonjwa. Alizitazama zikipita, na kila iliyopita ilimwacha na kitu kilekile kigumu chini, kwamba gari lilifika na yeye alilipokea kwa mkono wake.

Waliwaona kutoka mbali. Kipketer alikuwa amesimama wima ukingoni mwa lami, koti la kanisani limelowa mabegani. Jelagat alikuwa kwenye kigoda nyuma yake, blanketi juu ya nguo yake ya Krismasi, viatu vimewekwa kando kwa sababu miguu ilivikataa. Micah alipopunguza mwendo mzee aliinua mkono. Alimwona Kuluthum ndani ya gari, na uso wake ukafunguka.

Kabla mtu hajateremka alikwishafika mbele ya pikapu. Alikuwa na nyasi mbichi zilizofungwa fungu. Alizichovya kwenye kibuyu akanyunyizia boneti, akanyunyizia taa, akanyunyizia gurudumu la kulia, la kushoto, huku akisema maneno ya chini kwa lugha yake, maneno ya kumkaribisha aliyetoka mbali. Micah alizima injini, akavua kofia.

"Mzee, acha," Kuluthum akasema, akiteremka. "Si hili."

"Rangi ilibadilika. Si neno." Aliendelea kunyunyiza.

"Si rangi, mzee. Nisikilize." Alisogea mpaka wakawa karibu kugusana. "Gari lako lilifika. Leo ni zaidi ya wiki mbili. Nililiona, nikatia sahihi, jina lako hili hapa. Wakampa mtu mwingine kwa sababu ananunua mengi. Mimi nikakuambia ni nambari. Hazikuwa nambari. Jumatatu nikakuambia liko njiani. Halikuwa njiani. Hakuna kitu kinachokuja na barabara hii leo."

Alimaliza. Hakuwa amewahi kumaliza maneno mapema hivyo.

Kipketer aliichukua karatasi akaisoma yote, hata sehemu zilizochapwa ambazo hakuna mtu husoma. Maziwa yalidondoka kutoka kwenye nyasi yakaanguka kwenye kiatu chake. Trela tatu zilipita na hakuinua kichwa.

"Na mimi nilikuambia asante," alisema.

Hilo tu. Kuluthum angependa kutukanwa.

Aliyezungumza alikuwa Jelagat. Sauti yake ilikuwa fupi, pumzi haikutosha, lakini aliitoa kwa ukali wake uleule. "Baba Linah. Hii nyeupe inatembea?"

"Inatembea, mathe," Micah akajibu.

"Basi niinueni. Nitakasirika nikishasafishwa. Saa hii sina nguvu ya kufanya vitu viwili."

Walimbeba wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Kuluthum kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Micah aliendesha kama mtu aliyebeba mayai na anayefukuzwa. Njia nzima Kuluthum alikuwa amemshika Jelagat mkono wa kushoto, akisikiliza ule mtetemo chini ya ngozi, akiomba usisimame.

Walifika saa tisa kasorobo. Muuguzi aliwagombeza huku akifanya kazi, mikono yake ikiwa mbele ya ulimi wake. Jelagat hakurudi Mau Narok siku hiyo wala siku ya pili. Maji yalikuwa yameingia mapafuni, akalazwa wiki nzima. Daktari alipoulizwa na Linah kama ni kwa sababu ya ile Jumatatu, au ni ugonjwa wenyewe tu umesonga mbele, alisema hawezi kugawanya. Kuluthum alikuwa amesimama hapo. Alilisikia jibu hilo na akajua atalala nalo.

Ijumaa asubuhi Kipketer aliingia yadi, na Kuluthum nyuma yake. Kulikuwa na wateja wawili wanaongoja, mmoja akiwa na mkewe. Kibii alitaka waingie ofisini mlango ufungwe. Mzee alikataa kwa kichwa. Kuluthum akayasema yaleyale aliyoyasema Mbaruk, hakupunguza wala hakupamba, akataja siku na nambari ya chesisi. Wale wateja wawili wakaacha kutazama simu zao.

Kibii alikuwa mtu wa kuhesabu upesi. "Mzee wangu, hili jambo ni dogo. Chukua hii nyeupe uitumie, mpaka yako ifike. Ni wiki nne tu."

"Yangu imefika," Kipketer akasema.

"Hii ni ya kujaribia. Imetembea. Yako ni mpya."

"Hii imepakwa maziwa. Siwezi kupaka mbili." Aliweka risiti yake ya bluu mezani. "Andika."

Karatasi ziliandikwa siku hiyohiyo. Mtambo wa serikali haukulala, nambari hazikukosekana, na hakuna meli iliyotajwa. Kuluthum alitazama jinsi jambo linavyoweza kwisha kabla ya adhuhuri likitakiwa, akakusanya kikombe chake na kanga ya kiti. Barua ya kuachishwa ilimkuta Bondeni Jumatatu. Micah walimkaripia wakamwacha, madereva hawapatikani ovyo. Karo ya Najwa ililipwa kwa bangili za harusi, zile Salmin, marehemu mumewe, alizomvisha, na hilo Kuluthum hakumweleza mtu.

Kipketer hakumsamehe upesi. Alimsalimu, akamuuliza hali, akaishia hapo. Lakini Jumatatu ya tatu baada ya Jelagat kutoka wodini, pikapu nyeupe ilisimama Bondeni mbele ya nyumba za kaunsili, tope la Mau limepanda mpaka madirishani, na mzee akapiga honi mara moja.

"Anakuita," alisema. "Anasema saa nne kwa mashine ni refu, na mimi sijui kuongea."

Tangu hapo wakawa wanampitia Jumatatu na Alhamisi. Muuguzi alimruhusu mtu mmoja tu kukaa ndani, na Jelagat alichagua yeye. Jelagat alikuwa amepungua. Baada ya ile wiki ya wodini hakuwahi kurudi kuwa yule wa kiti cha karibu na kioo. Alitembea akishikwa pande mbili, na siku nyingine ilimbidi apumzike katikati ya sentensi. Walizungumza kidogo, walinyamaza zaidi.

Siku moja, damu ikizunguka kwenye mipira, macho amefumba, Jelagat akauliza, "Imebaki ngapi?"

"Pumzika, mama."

"Nimeuliza imebaki ngapi."

Kuluthum aliinuka, akaenda mpaka mbele ya mashine, akainama asome tarakimu vizuri maana miwani aliiacha nyumbani.

"Saa mbili na dakika arobaini."

"Si ungesema saa moja."

"Si saa moja, mama."

Jelagat akasogeza mkono wake wa kulia, ule usio na sindano, mpaka ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kiti cha Kuluthum angeweza kuufikia.

"Haya," alisema. "Zikibaki mbili uniambie."